Msiba wa jirani tuliuacha upite kwa sababu hakuwa mwanachama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu na mtumishi wa umma. Nilizaliwa na kukulia Dar es Salaam, na mwaka 2019 nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, kama walivyohamia wengi baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inakuja makao makuu kweli. Mimi na mume wangu tulinunua kiwanja pembeni mwa barabara iendayo Mtumba, tukajenga kidogo kidogo kwa mikopo, na mwaka 2021 tukahamia huku upande wa nyuma wa nyumba ukiwa bado haujapigwa plasta.

Mtaa wetu ni mzuri, Shangazi, na nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Jirani yangu wa kushoto ni Mchaga anayefundisha chuo kikuu, wa kulia ni familia iliyotoka Pemba, na ng'ambo ya barabara yuko mhandisi Msukuma aliyeoa Mnyakyusa. Sikukuu ya Idi sinia za pilau huja kwetu, na Krismasi zetu huenda kwao. Tuna Umoja wa wakazi tulioanzisha mwaka 2022, ambao mwenyekiti wake ni mwanamke, na kanuni yake mojawapo inamtaka kila mwanachama ampe dada wa kazi siku nzima ya mapumziko kila wiki. Tumezoea kujisifu kwamba hapa hakuna ukabila wala udini, na kwamba sisi ni watu wa kisasa. Mimi ndiye katibu.

Chini kabisa ya mtaa, karibu na korongo, wanaishi wenyeji. Ni familia ya Kigogo ambayo mashamba yake yalifika hadi hapa tulipojenga sisi, kabla eneo halijapimwa viwanja. Wamebakiwa na nyumba moja ya tofali za kuchoma na tembe la zamani wanalohifadhia mazao. Mama wa familia hiyo namwita Bibi. Tulipohamia hatukuwa tumevutiwa maji, na wiki ya pili tangi letu lilikauka siku ya Jumapili, mtoto wangu mdogo akiwa anaharisha. Sijui nani alimwambia. Jioni mjukuu wake alikuja akisukuma baiskeli yenye madumu mawili ya lita 20, maji ambayo wao wenyewe walikuwa wameyafuata mbali na kuyanunua. Nilipotoa pesa alizikataa, akasema Bibi ameagiza asipokee kitu.

Umoja wetu una kiingilio cha shilingi 50,000 na ada ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na kazi yake kubwa ni mlinzi, taa za barabarani na mfuko wa kuzikana. Familia ya Bibi haimo. Ukweli ni kwamba hawakukataa kujiunga, kwa maana fomu tulizigawa geti kwa geti, na wao hawana geti.

Mwezi Juni mwaka huu Babu alifariki. Vilio tulivisikia usiku ule ule, na turubai tuliliona asubuhi tukienda kazini. Niliuliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama tutakwenda, na mweka hazina akajibu kwamba katiba inamtambua mwanachama hai peke yake. Kisha mtu mmoja akaandika mzaha kuhusu Wagogo na kuombaomba, zikafuata alama za kicheko nyingi sana. Nilinyamaza. Kwa siku 3 nilipita mbele ya msiba ule nikiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, nikijifanya ninaongea na simu.

Wiki mbili baadaye nilikutana na Bibi uso kwa uso kwenye njia ya miguu. Alikuwa amebeba furushi la mlenda mkavu. Alitangulia yeye kunisalimu, "Mbukwenyi, mwanangu," akawaulizia watoto mmoja baada ya mwingine kwa majina, ndipo akasema kwa sauti ile ile ya upole, "Nilikuwa nasikia mna kadi ya kuzikania. Sikujua kama na kulia kuna kadi." Akaendelea na safari yake.

Sasa kamati imeniagiza niandike waraka uitwao Maadili ya Pamoja ya Mtaa, usomwe kwenye mkutano mkuu wa Umoja mwisho wa mwezi. Ndani yake nimetakiwa niweke kwamba njia ya miguu ipitayo kati ya viwanja viwili ifungwe kwa geti kwa sababu za usalama, kwamba ngoma zipigwe marufuku baada ya saa 12 jioni, kwamba mbuzi wasionekane mtaani, na kwamba asiyekubali maadili haya asitambuliwe kuwa mkazi. Njia hiyo ndiyo wanayopitia Bibi na wajukuu wake kwenda barabara kuu, zahanati na kanisani. Mikesha ya maombi inayofanyika kwa spika kubwa nyumbani kwa mjumbe mmoja wa kamati haikutajwa. Nilipouliza kwa nini tusiwaalike wenyeji tuzungumze, niliambiwa kwamba hawatatuelewa, maadili yao na yetu ni tofauti.

Mume wangu anasema hii si vita yangu, nijiuzulu nikae kimya. Shangazi, niandike waraka huo au niache ukatibu? Na kwa Bibi nitaingiaje baada ya miezi yote hii?

Katibu mwenye aibu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza habari ya waraka kwanza na habari ya Bibi mwishoni. Mimi nitaanza na Bibi, kwa sababu waraka una tarehe na unaweza kusubiri hadi tarehe yake, lakini msiba ambao hukuuhani unazidi kuwa mzito kila siku inayopita.

Nenda wiki hii, kabla ya mkutano na bila kumshirikisha mtu yeyote wa kamati. Ukienda baada ya mkutano atadhani umetumwa, na ukienda na wajumbe atalazimika kuwapokea kama ugeni, awatafutie viti, aanze kuhangaika na chai. Funga kanga, nenda kwa miguu kupitia njia ile ile inayotaka kufungwa, na ufike saa za jioni ambapo kazi za shamba na za jikoni zimepungua. Beba sukari, unga na ubani wako mwenyewe kutoka mfukoni mwako, si kwenye bahasha yenye jina la Umoja. Ukikaribishwa kiti, omba mkeka. Kisha sema jambo lililotokea kama lilivyotokea: kwamba ulisikia kilio, ulipita, hukuingia, na hukuwa na sababu. Usimweleze habari za katiba wala mwanachama hai, maana hayo ameshayasikia na ameshayajibu kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kusoma katika barua za safu hii.

Arobaini imepita, najua. Hata hivyo familia nyingi za Kikristo huku kwetu hupanga siku ya baadaye ya kujengea kaburi na kuweka msalaba, hasa baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi. Uliza kama siku hiyo imeshapita. Kama haijapita, omba upewe kazi ya mikono: kuchota maji, kupika, kuosha vyombo. Mchango wa pesa utoe pia, lakini usiutoe peke yake, kwa sababu pesa ndiyo lugha ambayo mtaa wenu umekuwa ukiitumia kusema nani ni wenu na nani si wenu, na mama huyo ameshaielewa vizuri mno.

Nataka nikae kidogo kwenye yale madumu mawili. Wewe umetoka Dar es Salaam, na huenda hujui maji yana uzito gani katika nchi ya Ugogo, ambako mvua huja kati ya Desemba na Aprili na miezi mingine yote mbingu hufunga. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa hapa, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa haki ya kupita, kwa sababu kila aliyepita alihitaji maji na chakula, na maji hayakuwa ya kumwaga. Wasafiri waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo. Nchi ile ile ambayo iliwatoza wapita njia ikakuletea wewe maji mlangoni bila malipo, kwa kuwa Bibi alikuhesabu kuwa mtu uliyekuja kukaa. Sasa kamati yenu inataka kuweka geti kwenye njia anayopita yeye.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ule usemi kwamba maadili yao na yenu ni tofauti. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta tofauti hiyo. Nyinyi mna mfuko wa kuzikana. Wao wanazikana bila mfuko. Nyinyi mnapelekeana pilau. Wao wamekupelekea maji. Mnamheshimu dada wa kazi, jambo ambalo nalipongeza kwa dhati na ningependa mitaa mingine iige. Na Bibi anawajua watoto wako kwa majina. Tofauti ninayoiona ni ya uzio, kiingilio na lafudhi. Mchaga, Mpemba, Msukuma na Mnyakyusa mmeweza kuishi pamoja vizuri kwa sababu, pamoja na makabila yenu tofauti, wote mna mshahara, mkopo wa nyumba na simu ya kuingilia kundi. Mchanganyiko huo ni wa kweli na sitaki kuudharau, kwa kuwa kuna nchi jirani ambako hata huo umewashinda watu. Lakini haujawahi kupimwa na mtu asiyefanana nanyi kwa kipato, na mwezi Juni ulipopimwa mliona wenyewe matokeo yake.

Mimi nimekulia Kondoa. Pale Warangi, Wasandawe, Waburunge na Wagogo walikuwa sokoni pamoja na makaburini pamoja, na nakumbuka vijana wa Kikristo wakichimba kaburi la mzee wa Kiislamu wakiharakishwa na mashehe kwa kuwa maziko hayangoji kesho. Hakuna aliyeyaita hayo maadili ya pamoja. Walikuwa pia wakigombana juu ya mipaka ya mashamba na mbuzi walioingia kwenye mtama, wakipelekana kwa wazee na kutozana faini. Nakwambia haya ili usije ukafikiri ninakutaka uwageuze wenyeji kuwa malaika. Inawezekana mbuzi wa Bibi kweli wanakula maua ya watu, na inawezekana ngoma kweli zinawanyima watoto usingizi. Majirani wanaohesabiana kuwa majirani huyazungumza mambo hayo ana kwa ana.

Kuhusu ule mzaha kwenye kundi, lazima niseme neno, maana najua utaambiwa kwamba ulikuwa utani tu. Utani ni mila yetu na mimi naupenda. Mgogo na Mhehe watataniana hadi msibani, mtani ataingia na kulala mahali pa maiti, atadai apewe kitu ndipo jeneza litoke, na wafiwa watacheka katikati ya machozi. Lakini mtani huja msibani. Anakusema ukiwa unamwona, na kesho nawe unamsema, na kwa kuwa anakutania ana wajibu wa kukuzika. Mzaha ule ulisemwa mahali ambapo Bibi hayupo na hawezi kujibu, na wote waliocheka hawakwenda kumzika mumewe. Hilo lina jina lingine, na wewe kama katibu unayo haki ya kuliandika kwenye kundi lile lile, kwa adabu na bila kumtaja mtu.

Sasa waraka. Lazima uutenganishe Umoja na mtaa, kwa sababu naona kamati yenu imevichanganya. Umoja ni chama cha hiari. Una haki ya kupanga ada zake na kuamua nani ni mwanachama, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalinda uhuru huo wa kujumuika katika ibara ya 20, ambayo pia inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Mtaa ni kitu kingine. Mtaa ni ngazi ya Serikali za Mitaa, una mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi katika uchaguzi wa Novemba 2024, una afisa mtendaji wake, na mkutano wake ni wa kila mkazi mtu mzima, awe amelipa kitu au hajalipa. Kwa hiyo sentensi inayosema asiyekubali asitambuliwe kuwa mkazi haiwezi kuandikwa. Bibi alikuwa mkazi kabla jiwe la kwanza la mpaka wa kiwanja chako halijasimikwa, na hakuna mkutano wa Umoja unaoweza kumvua ukazi huo.

Njia nayo usiiandike mpaka umeona ramani. Viwanja vilivyopimwa vina ramani ya mipango miji, na mipango hiyo inaongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Nenda ofisi ya ardhi na mipango miji ya Jiji ukaangalie ile nafasi kati ya viwanja viwili imeandikwaje. Kama ni njia ya umma, kuifunga si uamuzi wa kamati, na wanakamati wanaopenda kusema kwamba wao ni watu wa sheria watakuelewa haraka ukiwawekea nakala mezani. Kama ramani haioneshi njia, bado itabidi mwende kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu watu wamepita pale miaka mingi na watoto wanaipitia. Ninajua mji huu una kidonda cha zamani cha ardhi. Tangu makao makuu yalipoamuliwa mwaka 1973 na mamlaka ya kuustawisha mji ikaundwa, hadi mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kupewa halmashauri, wenyeji wengi wa hapa walilalamika kwamba walihamishwa, wakasogezwa, wakasogezwa tena. Familia ya Bibi imebakiwa na kiwanja cha korongoni. Kuwafungia na njia ya kutokea ni jambo ambalo sitaki hata jina lako liwe karibu nalo.

Kuhusu kelele, ushauri wangu ni mfupi: saa ya kunyamaza iwe moja kwa wote. Mkisema saa 4 usiku, iwe saa 4 kwa ngoma, kwa spika ya mkesha, kwa muziki wa sherehe ya mhandisi na kwa jenereta. Mkutano ukikataa kuigusa spika ya mjumbe, utakuwa umejua bila kubahatisha kanuni ile ya ngoma ilikuwa inamlenga nani. Mbuzi waachieni sheria ndogo za Jiji na mazungumzo ya majirani.

Je, ujiuzulu? Hapana, si kabla ya mkutano. Mume wako anakupenda na anataka ulale usingizi, lakini ukiondoka leo ataandika mwingine, na ataandika yote waliyomwagiza. Katibu ndiye mwenye kalamu. Peleka kwa kamati rasimu fupi yenye mambo matatu: kwamba msiba wa mkazi yeyote wa mtaa ni msiba wetu, tutakwenda hata kama mfuko hautoi kitu, kwa sababu kukaa na wafiwa hakuna gharama, kwamba jambo lolote linalogusa njia, maji au kelele litazungumzwa katika mkutano wa mtaa mzima chini ya mwenyekiti wa mtaa, na wenyeji waambiwe kwa kufuatwa nyumbani, na kwamba kiingilio kiwe na namna nyingine ya kulipwa kwa asiye na mshahara, kwa mfano kwa siku za kazi au kwa mazao wakati wa mavuno. Hilo la mwisho watalipinga zaidi, jiandae. Mweka hazina atauliza mtama utawekwaje benki. Mwambie mtama huuzwa sokoni Majengo kila siku.

Wakikataa rasimu yako na kupitisha ya kwao, usitie saini. Andika kwenye muhtasari kwamba katibu alipinga na sababu zake, soma muhtasari huo kwa sauti kabla haujafungwa, kisha ndipo uamue kama utabaki. Nadhani utashangaa ni wangapi watakaokuwa upande wako. Siamini kwamba watu wote walioweka zile alama za kicheko walicheka. Wengine walifanya kama ulivyofanya wewe ulipopandisha kioo, na yule jirani yako kutoka Pemba, ambaye kwao huko msiba wa jirani haupitwi, ningeanza kuzungumza naye mapema, kabla ya kikao.

Na jambo moja la mwisho kuhusu ziara yako. Watoto wako Bibi aliwataja kwa majina. Wachukue, hasa yule mdogo aliyekuwa anaharisha, na umwambie njiani ni maji ya nani aliyokunywa siku ile. Nitasubiri barua yako baada ya mkutano, unieleze pia kama kaburi la Babu limeshajengewa.